Ile Moja Iliyo Ndani ya Kumi na Sita

Mtoto wa darasa la pili akiambiwa aandike mia tatu na tano, mara nyingi huandika 3005. Mwalimu anakosoa kwa wino mwekundu, mtoto anafuta, anaandika 305 kama alivyoelekezwa, na kesho yake anaiandika mia nne na saba kuwa 4007. Hajafanya uvivu. Ameandika alichosikia, neno kwa neno: kwanza mia nne, kisha saba. Asichokipata bado ni kile kinachoziwezesha tarakimu kumi tu, kuanzia 0 hadi 9, kuandika umri wa bibi, idadi ya punje kwenye gunia la mahindi na bei ya ng'ombe: kwamba thamani ya tarakimu hutegemea mahali ilipokaa.

Vitabu huligusa jambo hili kwa kurasa chache. Kuna jedwali lenye safu za mamoja, makumi na mamia, kuna mazoezi ya kujaza nafasi, kisha safari inaendelea kwenye kujumlisha. Ni haraka mno. Kutoa kwa kukopa, kuzidisha kwa tarakimu mbili, kugawanya kwa njia ndefu, na baadaye desimali, vyote vimejengwa juu ya jedwali hilo dogo. Mtoto anayelijaza bila kulielewa hupata vema zote siku hiyo, na mzazi huja kushangaa miaka miwili baadaye kwamba hisabati imemshinda ghafla. Haikuwa ghafla.

Kipimo cha kujua mtoto amefika wapi ni rahisi, nacho kinahitaji maharage kumi na sita tu. Mtoto ayahesabu, kisha aandike 16. Aoneshwe ile 6 na aulizwe: hii inaonesha maharage yapi? Karibu kila mtoto atatenga maharage sita. Sasa kidole kiwekwe juu ya 1: na hii je? Wengi hutenga harage moja. Maharage tisa yanabaki katikati ya meza bila mwenyewe, wala mtoto haoni kasoro yoyote. Jaribio la namna hii lilijulikana sana kupitia kazi za Constance Kamii, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget kule Geneva. Katika miaka ya 1980 alionesha kwamba hata watoto waliokuwa wakifanya vizuri darasani waliiona ile 1 kuwa kitu kimoja. Walijua jina la safu; walikuwa hawajui kilichomo ndani yake.

Mzazi asimsahihishe mtoto papo hapo. Jibu hilo ni taarifa, na thamani yake ni kumwonesha mkubwa pa kuanzia.

Tatizo halitoki kwenye kukosa kukutana na namba. Oldonyo Sambu, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Namanga, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru, si mahali penye uhaba wa namba. Siku ya soko, mtoto aliyetumwa na mama yake kuuza maziwa au kununua viazi husikia jero, buku na laki na nusu tangu asubuhi. Mteja akitoa noti ya elfu tano kwa bidhaa ya shilingi 3,500, mtoto huyo hapangi tarakimu kwenye safu. Anaanzia 3,500, anaongeza jero kufika elfu nne, anaongeza buku kufika elfu tano, na chenji ya 1,500 iko mkononi mwa mteja. Ubaoni, 5,000 − 3,500 inaweza kumshinda mtoto huyohuyo: amefika kwenye sifuri inayotakiwa kutolewa 5, na hajui pa kukopa.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini nchini Brazili. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani mjini Recife. Wakiwa kwenye biashara, watoto hao walijibu sawasawa asilimia 98 ya maswali. Walipopewa hesabu za namna hiyo kwenye karatasi, zikiwa namba tupu, walipata kama asilimia 37. Mfano mmoja katika utafiti huo unastahili kutazamwa kwa utulivu. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja ikiwa 35. Alianza na bei ya nazi tatu, 105, akaongeza 30 akapata 135, akamalizia na tano iliyobaki: 140. Sawa kabisa. Alipopewa 35 × 4 kwenye karatasi, alisema nne mara tano ni ishirini, akaweka 2 ya kubeba, akaijumlisha na 3 akapata 5, kisha akazidisha 5 kwa 4. Jibu lake: 200.

Sokoni, thelathini ilibaki kuwa thelathini tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye karatasi iligeuka 3, na 3 ile haikuwa na uzito wowote. Ilikuwa alama ya kusogezwa kwa kufuata hatua zilizokaririwa, na mpangilio wa hatua ulipochanganyika hakuna kilichomwambia mtoto kwamba 200 ni pesa nyingi mno kwa nazi nne. Kwa hiyo kazi ya mzazi na mwalimu ni kuhakikisha 3 ya kwenye daftari inaendelea kuwa thelathini.

Pa kuanzia ni mikono. Mwaka 1958 mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu namna Waarusha wanavyoonesha namba kwa vidole, na Claudia Zaslavsky akalirejea jambo hilo katika kitabu chake Africa Counts cha mwaka 1973. Kuhesabu kwa vidole ni elimu ya hapa hapa, na mwalimu anayemzuia mtoto wa darasa la kwanza kutumia vidole anamnyang'anya kifaa bora alichonacho. Ubora wake ni kwamba vidole vyote kumi viko kwa mtu mmoja. Watoto watatu wakisimama mbele wameinua vidole vyote, na wa nne ameinua vidole vinne, darasa zima linaiona thelathini na nne: watu watatu waliojaa, na mmoja ambaye hajajaa. Mwalimu mwenye watoto themanini na chumba kimoja hahitaji kununua kitu. Akisema "tuongeze sita", yule wa nne anajaa, na sasa wamesimama wanne waliojaa, bila hata kidole kimoja cha ziada.

Nyumbani, vijiti hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa sababu hufungika. Vijiti vyembamba vya urefu wa kidole, kama mia moja hivi, na rababendi au nyuzi kumi zinatosha. Kanuni ni moja tu, isivunjwe hata mara moja: vikifika kumi, vinafungwa kuwa kitita. Visivyofika kumi havifungwi. Katika kikombe ziwekwe karatasi sita zenye namba 1 hadi 6. Mtoto na dada yake wanachota kwa zamu, kila mmoja anachukua vijiti kwa kadiri ya namba aliyochota, na wa kwanza kufikisha vitita vitano ameshinda. Mchezo huu wa dakika kumi hufundisha kubadili mamoja kumi kuwa kumi moja bila neno lolote la kitabuni.

Kisha mchezo ugeuzwe, na hii ndiyo nusu ambayo watu wengi huisahau. Kila mmoja anaanza na vitita vitano na anatoa vijiti kwa kadiri ya namba anayochota. Zamu ya kwanza tu, mtoto anakwama: anatakiwa kutoa vijiti vinne, naye hana hata kijiti kimoja kilicho huru. Aachwe afikiri. Hatimaye atafungua kitita. Huko kufungua ndiko kunakoitwa kukopa darasani, na mtoto aliyekufanya kwa mikono yake mara nyingi hatapata 52 − 27 = 35. Kosa hilo huenea sana, na chanzo chake ni kimoja: mtoto ameona 2 haiwezi kutolewa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Mwenye vitita vitano na vijiti viwili mbele yake hawezi kugeuza chochote. Lazima afungue.

Wakati wa michezo hiyo mzazi aulize pia swali ambalo halimo kwenye mazoezi mengi: thelathini na nne inaweza kupangwa kwa namna ngapi? Vitita vitatu na vijiti vinne, ndiyo. Lakini pia vitita viwili na vijiti kumi na vinne. Au kitita kimoja na ishirini na nne. Mtoto anayeona kwamba zote hizo ni thelathini na nne ileile ameshaelewa kutoa kwa kukopa kabla hajafundishwa.

Majina ya namba yana ugumu wake, na yafaa yasemwe wazi mbele ya mtoto. Kumi na moja hadi kumi na tisa hujieleza zenyewe. Ishirini haimwambii mtoto kwamba ndani yake kuna mbili, wala thelathini haimwambii kuna tatu. Majina haya yametoka Kiarabu na hayafanani na mbili na tatu alizozizoea. Kwa miezi ya mwanzo, basi, kila namba itajwe mara mbili: "thelathini na nne, makumi matatu na mamoja manne." Ni kurefusha maneno, lakini kunasaidia. Katika nyumba ambazo lugha ya kwanza ni Kimaa, lugha ya Waarusha na Wamasai, bibi au mama afanye mchezo wa vitita kwa Kimaa, akianzia na tomon, kumi, bila wasiwasi kwamba atamchanganya mtoto. Kitita ni kilekile kwa lugha zote mbili, na shule itamwongezea majina ya Kiswahili juu ya kitu ambacho tayari anakijua. Na kwa kuwa wafugaji wengi hawapendi mifugo ihesabiwe kwa kunyooshewa kidole, vijiti na maharage vinatosha, mbuzi waachwe.

Vipi kuhusu fedha? Watu wengi hushauri fedha itumike tangu siku ya kwanza, na ushauri huo una kasoro kwa Tanzania. Sarafu ndogo inayoonekana sokoni ni ya shilingi 50, na ya 100 ndiyo hununua peremende. Mtoto wa miaka saba hajawahi kushika shilingi moja wala shilingi kumi. Kwake fedha huanzia hasa kwenye mamia, na mamoja na makumi mojamoja hayamo. Isitoshe, noti ya elfu moja haioneshi sarafu kumi za mia ndani yake. Ni karatasi moja, na mtoto lazima aamini tu. Kitita cha vijiti hufunguka na kuhesabiwa.

Akishazoea vitita, fedha inakuwa mwalimu mzuri ajabu wa namba kubwa. Sarafu kumi za 100 ni noti moja ya 1,000. Noti kumi za 1,000 ni noti moja ya 10,000. Hii ni ngazi safi ya kumi kumi. Mzazi akate karatasi za kuchezea, aandike 100, 1,000 na 10,000 tu, na aziache kwanza 200, 500, 2,000 na 5,000, kwa sababu hizo huvunja mpangilio wa kumi. Duka la kuchezea lifunguliwe mlangoni, na sharti liwe kwamba hakuna anayeruhusiwa kukaa na karatasi kumi za aina moja: zikifika kumi, aende "benki" kubadilisha.

Swali la kumpeleka mtoto mbali zaidi linatoka mnadani. Mbuzi ametajwa kwa shilingi 120,000. Zikitumika noti za elfu kumi pekee, ni ngapi? Kumi na mbili. Zikitumika za elfu moja pekee? Mia moja na ishirini. Mfanyabiashara wa mifugo hulijibu hilo bila kupepesa macho, kwa kuwa anaiona namba nzima na papo hapo anaona vipande vyake. Mtoto wa darasa la nne au la tano anayejibu vivyo hivyo ameelewa kwamba 12 na 120 zimo ndani ya 120,000, na kugawanya kwa kumi, mia na elfu hakutamsumbua.

Lugha ya mnadani ina mtego wake, nao unastahili tahadhari. Muuzaji akisema "laki na ishirini", kila mtu mzima anajua ni 120,000. Mtoto anayefuata maneno huandika 100,020. Akisikia "laki sita na nusu", nusu ile ni nusu ya laki, hamsini elfu, kwa hiyo ni 650,000. Mzazi anayerudi kutoka sokoni amwombe mtoto aandike bei alizozisikia kwa tarakimu, na wazijadili pamoja. Yako mazoezi mengi ya daftarini ambayo hayafikii hilo.

Turudi kwenye 3005. Dawa yake ni sifuri, na sifuri hueleweka vizuri zaidi kwa kadi kuliko kwa maelezo. Mzazi akate boksi kuukuu. Kadi tisa ziwe ndefu, upana wa tarakimu tatu: 100, 200, hadi 900. Tisa ziwe za tarakimu mbili: 10, 20, hadi 90. Tisa ziwe fupi: 1 hadi 9. Kutengeneza mia tatu na tano, mtoto anachukua kadi ya 300 na kadi ya 5, anailaza ile fupi juu ya ndefu upande wa kulia, na kinachosomeka ni 305. Sifuri ya mwisho imefunikwa na 5. Sifuri ya katikati imebaki wazi, kwa sababu hakuna kadi ya makumi iliyokuja kuifunika. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba 0 ile inasema "makumi hakuna", na kwamba ikiondolewa, 3 itateleza hadi safu ya makumi na namba itakuwa 35. Kisha ajaribu 350, halafu 53, halafu 503, kwa tarakimu zilezile. Kadi ishirini na saba hudumu muhula mzima zikitunzwa kwenye mfuko, na ndizo chombo ambacho makala haya yangemshauri mzazi mwenye muda mdogo aanze nacho kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu.

Watoto wakubwa kidogo wanafurahia kutafuta namba ambazo hazina mamoja wala makumi. Namba ya simu, kwa mfano: ina tarakimu kumi, huanza na 0, na hakuna anayeisoma kama milioni mia saba na kitu. Tokeni ya umeme ya LUKU ina tarakimu 20, lakini haipimi chochote. Ukibadilisha tarakimu moja mita inakataa, haiongezi wala kupunguza umeme. Uniti zilizoandikwa kwenye ujumbe huohuo wa LUKU ndizo namba ya kweli ya kiasi. Kuzipambanua hizi mbili humfanya mtoto aulize, kila akiona tarakimu, kama nafasi zake zina maana. Na palipo na kiasi, nafasi moja ni jambo zito: kwenye kutuma pesa kwa simu, sifuri moja iliyozidi hugeuza elfu kumi kuwa laki.

Namba za nchi nazo zina utajiri. Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895: 5 ya kwanza na 5 ya mwisho zimeandikwa kwa umbo moja, lakini moja ni mita elfu tano na nyingine ni mita tano, kimo ambacho hata mti wa wastani hukipita. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Tarakimu 1 imo mara tatu. Mtoto aulizwe kila moja ina watu wangapi: ya kwanza kutoka kushoto ina milioni moja, ya pili elfu moja, ya tatu mia moja. Alama za mkato zimsaidie kusoma kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu, milioni, kisha elfu, kisha zilizobaki, badala ya kuhesabu nafasi kuanzia mwisho kila mara.

Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, uliipa kuhesabu nafasi ya kutosha. Muda wa kufunga na kufungua vitita, hata hivyo, ni wa nyumbani na wa mwalimu mwenye subira, na mara nyingi ni wiki nyingi za dakika chache chache. Mtoto akichoka, iachwe hadi kesho. Jedwali la mamoja na makumi lije mwishoni, kama njia ya kuandika kile ambacho vijiti vimeshasema.

Kanuni moja ya darasani ni afadhali iachwe mapema: ile ya kwamba ukizidisha kwa kumi unaongeza sifuri mwishoni. Kwa namba nzima inatoa jibu sahihi, lakini inaficha kilichotokea. Katika 25 × 10, ile 2 imehama kutoka makumi kwenda mamia, ile 5 imehama kutoka mamoja kwenda makumi, na sifuri imekuja kushika nafasi ya mamoja iliyobaki tupu. Mtoto afundishwe kusema hivyo, akihamisha kadi zake huku anasema. Siku atakapokutana na 2.5 × 10, mwenye kanuni ya sifuri ataandika 2.50, aliyezoea kuhamisha tarakimu ataandika 25.